Ngoma, Wimbo na Mwendo wa Mwili katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Makamusi ya Kiswahili, tangu lile la Frederick Johnson lililochapishwa mwaka 1939, hulieleza neno ngoma kwa kuligawa mafungu. Ngoma ni chombo chenye ngozi kipigwacho kwa mikono au kwa vijiti. Tena ni mchezo unaofuatana na mlio wa chombo hicho. Tena katika usemi wa kila siku ni ule mkutano wenyewe wa watu waliokuja kucheza. Mgawanyo huu wamfaa mtunga kamusi, maana hana budi kuipa kila maana tarakimu yake. Lakini mtu asemaye kwamba usiku alikuwa ngomani amekusudia jambo moja tu, na jambo hilo lina mlio, lina miguu, lina watu na lina saa yake. Kumwuliza kama alikwenda kusikiliza au alikwenda kucheza ni kumwuliza swali ambalo lugha yake haikumtayarishia.

Katika muziki wa kitaalamu wa Ulaya swali hilo ni halali, na lina historia ndefu. Karibu na mwaka 1720 Johann Sebastian Bach alitunga mafungu ya nyimbo kwa selo peke yake, akazipa sehemu zake majina ya michezo ya kucheza iliyojulikana wakati ule: alemande, kurante, sarabande, jige. Hapana aliyetarajiwa kuinuka na kuzicheza. Haydn naye aliendelea kuweka minueti ndani ya simfonia zake, kwa kawaida katika sehemu ya tatu, na watu wakaisikiliza wamekaa. Chopin akatunga waltz za piano ambazo mchezaji akijaribu kuzifuata kwa miguu atajikwaa, kwa sababu mwendo wake huharakishwa na kupunguzwa kwa kadiri ya moyo wa mpigaji. Basi mchezo ulibaki ndani ya muziki kama alama ya wayo udongoni: umbo la mguu lipo, mguu wenyewe umekwisha kuondoka. Jioni ya tarehe 29 Mei 1913, mjini Paris, Stravinsky na Nijinsky walipouleta mguu tena jukwaani katika Le Sacre du printemps, wachezaji wakikanyaga ardhi kwa vishindo, ukumbi ulijaa kelele, na wengi walichukizwa na miguu hiyo kama walivyochukizwa na muziki.

Makala haya yakusudia kulitazama jambo hilohilo mahali pengine kabisa, yaani katika nchi tambarare ya Kyela na kando ya Ziwa Nyasa upande wa kaskazini. Huko muziki wa Kizungu uliingia kwa milango miwili, mlango wa kanisa na mlango wa kambi ya askari. Muziki ulioingia kwa mlango wa kwanza uliwataka watu wasimame kimya. Ulioingia kwa mlango wa pili uliwataka waende wote kwa hatua moja. Nao ulimkuta hapo mwenyeji aliyekuwa na ngoma yake, wala hakuwa na haja ya kufundishwa na mtu namna mlio unavyoamrisha mwili.

Nchi ya Kyela ni uwanda ulio chini kidogo tu ya mita mia tano juu ya usawa wa bahari, ukipitiwa na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayoshuka kutoka milima ya Rungwe. Mashariki yake ndiyo Milima ya Livingstone, iliyosimama kama ukuta juu ya ziwa, na chini yake wakaa Wakisi, mafundi wa vyungu. Magharibi ni mto Songwe, ambao leo ni mpaka wa Tanzania na Malawi, na ng'ambo yake ni Wangonde wa Karonga, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa asili. Mpaka huo ulichorwa na Wazungu, ngoma hazikuufuata.

Kwa mtu wa lugha, Kinyakyusa ni jirani wa kupendeza. Carl Meinhof, katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya sauti za lugha za Kibantu, aliichagua lugha hii, aliyoiita Kikonde, iwe mojawapo ya lugha chache za kulinganishwa, na Kiswahili kikawa nyingine. Faida ya ulinganisho huo yaonekana katika neno letu lenyewe. Mnyakyusa husema ing'oma, kama asemavyo ing'ombe. Sauti ya g imemezwa na ng' kwa sababu silabi inayofuata ina sauti ya puani. Kiswahili kimeimeza g hiyo katika ng'ombe lakini kimeiacha katika ngoma. Kwa hiyo neno hili moja, likisemwa na mtu wa Kyela na likisemwa na mtu wa Tanga, ladhihirisha undugu wa lugha mbili na umbali wake.

Yafaa pia kuviangalia vitenzi. Kiswahili hutumia kucheza kwa mchezo wa watoto, kwa mpira, kwa karata na kwa ngoma. Kinyakyusa kina ukumoga, yaani kucheza ngoma, na kina ukukina, yaani kucheza kwa jumla. Hata hivyo ngoma nzito kuliko zote katika maisha ya kale ya Wanyakyusa, ile ya mazishi, iliandikwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica kwa jina la ukukina. Mgeni aweza kustaajabu: mchezo kaburini? Lakini Mswahili asistaajabu, kwa kuwa yeye pia hutumia kitenzi kimoja kwa tiari ya mtoto na kwa ngoma ya pepo.

Mabwana hao wawili wa elimu ya jamii walikaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Godfrey Wilson alichapisha makala juu ya desturi za mazishi mwaka 1939, na Monica Wilson akairudia habari hiyo kwa urefu katika kitabu cha mwaka 1957 juu ya ibada za ukoo. Habari waliyoiandika ndiyo maelezo bora tuliyo nayo juu ya ngoma na mwili katika nchi hii kabla mambo hayajabadilika sana, na kila mtafiti wa sanaa hana budi kuisoma, ingawa wao wenyewe hawakuwa wataalamu wa muziki.

Wapiga ngoma, watatu au wanne, hukaa chini ya mti pembeni mwa uwanja, na watu huwasonga. Vijana huongoza, wamevaa njuga miguuni na nguo kiunoni, na zamani walijipaka udongo mwekundu na mweupe. Kila mmoja ameshika mkuki. Huruka kwa nguvu wakiikanyaga ardhi laini ya kaburi, na hapa ndipo penye jambo kuu: hawachezi pamoja. Kila mtu hucheza peke yake, kana kwamba anapigana na adui mmoja asiyeonekana. Baadhi ya wanawake hupita kati yao, mmoja mmoja au wawili wawili, wakipiga ukelele wa vita na kutembea kwa mwendo wa nyonga unaofuata mlio. Mtazamaji mgeni hakuona dalili ya huzuni; lakini alipouliza, aliambiwa kwamba hao wanaomboleza. Maelezo ya wenyeji wenyewe yalikuwa kwamba mazishi huamsha vita moyoni. Majonzi na hofu humchoma mtu mpaka atake kupigana, na ngoma humpa njia. Mara nyingine njia hiyo haikutosha, wakapigana kwelikweli. Na kadiri siku zilivyokwenda, mchezo ule ulioanza kwa hasira uliishia katika furaha, na vijana wakaanza kutazamana na wasichana.

Basi tujiulize, ngoma zile tatu au nne zilifanya kazi gani? Hazikuwapanga watu safu. Hazikuwaambia wainue mguu upi. Ziliweka mlio wa kudumu ambao kila mwenye uchungu aliweza kuupanda kwa namna yake, kama mitumbwi mingi juu ya wimbi moja. Umoja ulikuwa katika masikio, na miili ikaachwa huru. Erich von Hornbostel, aliyekwisha kuzichunguza nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa fonografu na kuandika juu yake mwaka 1909, alitoa mwaka 1928 nadharia iliyozusha mabishano marefu: kwamba mpigaji wa Kiafrika huuanza mdundo pale anapoinua mkono, wala si pale mkono unapoigusa ngozi, na kwa hiyo sehemu ya mdundo haisikiki, ila hutendwa tu. John Blacking aliipima upya nadharia hiyo mwaka 1955, na leo wachache huikubali nzima nzima. Mimi naona kwamba kosa lake lilikuwa kuifanya kanuni ya bara zima. Lakini mtu akiisoma habari ya mazishi ya Wanyakyusa huku ameikumbuka, aona mara moja kwamba mruko wa yule mwenye mkuki ni sehemu ya muziki hata pale ambapo hautoi mlio wowote. Kishindo cha kutua husikika, pamoja na njuga. Muda wa kuwa hewani hausikiki, nao umepimwa vilevile.

Rodney Needham aliuliza mwaka 1967 kwa nini vyombo vya kupigwa huonekana duniani kote mahali pa kuvuka, yaani katika kuzaliwa, kuoa na kufa. Mimi ningeongeza swali la pili, dogo zaidi: je, kuna mahali pa kuvuka ambapo ngoma hupigwa na miguu ikatulia?

Mahali hapo pako, na palikuja kwa mlango wa kwanza. Mwaka 1891 walifika katika nchi hii wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na katika mwaka uleule Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer. Wa Berlin walishika upande wa mashariki, wakawa na vituo kando ya ziwa kama Ikombe na Matema. Wamoravian walianzia Rungwe wakashuka hadi Ipyana katika uwanda wa Kyela. Wote walikuja na nyimbo za kanisa za Kijerumani za sauti nne, nyimbo zile zile ambazo Bach alizitumia kama msingi wa kazi zake nyingi. Kwa hiyo yaweza kusemwa bila kutia chumvi kwamba muziki wa kitaalamu wa Ulaya ulikuwa umefika ufukoni mwa Ziwa Nyasa kabla ya reli, na kabla ya shule nyingi.

Wimbo huo huimbwa mtu amesimama wima, macho kitabuni. Mwendo wake u katika sauti peke yake: sauti ya chini hupanda ya juu ikishuka, na mwili hutulia ili sikio lizifuate. Katika mazishi ya Wakristo wimbo ulichukua mahali pa ngoma, na aliyebatizwa alikatazwa kucheza kaburini. Wamisionari hawakukosea walipohisi kwamba mchezo ule ulifungamana na ibada za wahenga na pengine na ugomvi. Lakini walichoondoa kilikuwa pia njia ya kuitumia ghadhabu ya msiba, na wimbo uliowekwa mahali pake ulimtaka mfiwa afanye kinyume kabisa, yaani aizuie. Je, hasira ile ilikwenda wapi? Hilo si swali la muziki peke yake, na sidhani kwamba mtu wa muziki aweza kulijibu. Naliweka hapa kwa sababu wanaoandika historia ya nyimbo za kanisa huandika habari za tafsiri na za vitabu, nao hupita haraka pale ambapo watu walitakiwa kusimama kimya mbele ya kaburi la ndugu yao.

Tafsiri nayo ilikuwa na taabu yake, na taabu hiyo ina uhusiano na miguu kuliko inavyodhaniwa. Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakitofautishi maneno kwa kupandisha na kushusha sauti. Katika jambo hili kinafanana na Kiswahili. Na kama Kiswahili, mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtafsiri wa nyimbo katika lugha yenye kupanda na kushuka kwa sauti huogopa kwamba tuni itageuza maana ya neno. Mtafsiri wa Kyela hakuwa na hofu hiyo, akadhani njia ni nyeupe. Haikuwa nyeupe. Tuni nyingi za Kijerumani huishia katika pigo zito, kwa maana lugha ya Kijerumani ina maneno mengi ya silabi moja ya kukaa hapo. Mungu ni Gott, Bwana ni Herr. Kwa Kinyakyusa Mungu ni Kyala, na mkazo uko mbele. Kwa Kiswahili Bwana vivyo hivyo. Weka neno hilo mwisho wa mstari wa namna hiyo, na silabi nyonge yaangukia pigo zito: waimbaji huimba kana kwamba neno ni bwaNA, na moyoni huwa moyoNI.

Mtu aliyesimama kimya huvumilia hayo. Vizazi vizima vimevumilia, na masikio yamezoea kiasi kwamba wengine huona ndiyo sauti halisi ya utakatifu. Lakini acha waimbaji waanze kupiga hatua! Mguu hushuka pamoja na pigo zito, na mara mwili watambua kwamba unalikanyaga neno mahali pasipo pake. Ndipo yanapotokea yale ambayo msikilizaji wa kwaya za leo aweza kuyasikia popote katika nchi yetu. Waimbaji hurefusha silabi ya pili kutoka mwisho mpaka iufikie mguu, na ile ya mwisho hudondoshwa baada yake, nyepesi, katika nafasi iliyobaki. Mwalimu wa kwaya mwenye kitabu cha nota mkononi huita kosa. Mimi naliita sahihisho, tena sahihisho lililofanywa na miguu kwa niaba ya sarufi.

Mlango wa pili ulifunguliwa kwa mizinga. Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Uingereza kuingia vitani, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia na kuilemaza meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, ambako wakati ule kuliitwa Sphinxhafen. Tarehe 9 Septemba yakafuata mapigano ya Karonga. Kwa miaka minne maelfu ya askari na wapagazi walipita katika nchi hizi za ziwa, wa upande huu na wa upande ule, wakajifunza gwaride, parapanda, mluzi wa kapteni na bendi ya kijeshi. Waliosalia walirudi makwao wakiwa na mambo hayo miguuni.

Historia ya ngoma ya beni imeandikwa vizuri na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Beni, ambayo jina lake latokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza katika miji ya mwambao wa Waswahili mnamo miaka ya 1890, ikiwa mashindano ya makundi ya mjini yaliyovaa sare na kupeana vyeo. Marini na Arinoti ni majina ambayo wazee wa pwani waliyajua vizuri. Vita vya 1914 hadi 1918 viliichukua beni mpaka bara, na katika Ziwa Nyasa ilipata umbo jipya: malipenga kwa Watonga na jirani zao ng'ambo ya ziwa, na mganda kwa watu wengi wa kandokando, pamoja na Wamanda na Wanyasa wa upande wa Tanzania. A. M. Jones aliandika makala juu ya mganda mwaka 1945. J. Clyde Mitchell naye, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela ya Luanshya, aliufuata ukoo huo mpaka katika migodi ya shaba, mahali walipokwenda kufanya kazi vijana wengi wa nchi za ziwa, na Wanyakyusa wakiwamo.

Hebu tutazame chombo chenyewe, kwa maana ndicho chenye hila. Mtu wa kijijini hakuwa na tarumbeta ya shaba, wala hakuwa na fedha za kuinunua. Akachukua kibuyu, akakitoboa, akakiwamba tundu kwa utando wa buibui. Mtu akitoa sauti ndani yake utando hutetema, na sauti hutoka yenye ukali wa shaba. Kibuyu kikubwa hutoa sauti nene, kidogo hutoa nyembamba, na vikipangwa pamoja huwa bendi kamili. Malipenga maana yake ni parapanda. Jina la chombo kimoja limepewa kingine, na ngoma nzima ikapewa jina la chombo. Twarudi tena kwenye neno ngoma na maana zake zisizogawanyika. Pamoja na vibuyu huwapo ngoma kubwa na ndogo, kama zilivyo katika bendi ya askari, na kapteni mwenye filimbi ambaye huanzisha, hugeuza na husimamisha. Kundi huitwa boma, na ndani yake huwamo mfalme, sajini na vyeo vinginevyo. Wachezaji huvaa kaptula na shati jeupe, soksi na viatu, kwa unadhifu ambao ofisa mkali kuliko wote asingeulaumu.

Yatazame sasa mazishi ya Wanyakyusa karibu na safu hizi. Kule kila mtu alikuwa na vita vyake, na umoja ulikuwa katika mlio. Hapa umoja umehamia machoni. Mabega ishirini yakiinama pamoja, na viatu ishirini vikichelewa kidogo pamoja kabla ya kugusa chini, mtazamaji aweza kuhukumu kwa macho boma lipi limeshinda. Ndiyo maana ngoma za ukoo huu hushindanishwa kwa urahisi, kijiji na kijiji, na mgeni hukaribishwa aje acheze kisha mwenyeji akalipize ziara. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Lakini mcheza mganda hupenda zaidi kutunzwa ugenini.

Wako waliosema kwamba haya ni kuiga tu. Wako wengine waliosema kwamba ni kumcheka Mzungu kwa siri. Ranger mwenyewe alizipima fikira zote mbili akaona hazitoshi. Kwa upande wangu naona mwili wa mchezaji watoa ushahidi ulio wazi. Hatua ya askari ni ya kwenda mbele. Imetengenezwa ili kundi lifike mahali. Hatua ya malipenga haiendi popote. Ni ya polepole, ina maringo, magoti yamelegezwa, na mwili wa juu hujibu kile ambacho mguu umesema. Umbo la gwaride limechukuliwa na shabaha yake ikaachwa, vilevile kama Bach alivyolichukua umbo la sarabande akaiacha sakafu ya kuchezea. Ila tofauti moja yafaa kuangaliwa: Bach aliuondoa mguu akabakiza mwendo katika sauti, na watu wa ziwa waliondoa safari wakabakiza mguu.

Wanawake nao wana zao, kioda upande wa kusini wa mwambao huu na chilimika huko Nkhata Bay, nazo zinahitaji makala yake peke yake kutoka kwa mtu aliyezicheza. Karonga kuna indingala. Na Kyela, ikiitwa ngoma ya Wanyakyusa katika sherehe za leo, mara nyingi inayokusudiwa ni ing'oma. Hapa niwaonye vijana wanaofanya utafiti: jina la kale si ushahidi wa umbo la kale. Neno ing'oma lilikuwako kabla ya Wazungu, na pasipo shaka kabla ya Wanyakyusa kuitwa kwa jina hilo; lakini anayeona watu wenye sare na filimbi asikimbilie kuandika kwamba ndivyo wahenga walivyocheza, wala asikimbilie kuandika kwamba yote yametoka kambini. Na apime kila kiungo cha mwili peke yake.

Wala tusidhani kwamba kukaa na kusikiliza ni desturi ya Ulaya peke yake. Waswahili wenyewe wana taarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliukuza muziki ambao msikilizaji huufuata ameketi, akiyapima maneno, na mwendo pekee unaoruhusiwa ni ule wa kuinuka kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji. Yeyote aliyewahi kuutazama mwendo huo ajua kwamba nao ni mchezo, tena wenye maana nyingi. Ilipofika miaka ya 1990, taarabu ya kisasa iliwainua watu vitini wakacheza, na wapenzi wa taarabu asilia wakalalamika kwamba maneno hayasikiki tena. Malalamiko yao yana haki. Kila mara mwili unapoingia, kuna kitu ambacho sikio halikipati. Na kila mara mwili unapotolewa, kuna kitu kingine kinachopotea, ila hicho hakina mlio na kwa hiyo hakuna anayekilalamikia.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasuta wasomi waliojua kucheza waltz na rumba lakini hawakujua ngoma za kwao. Zikafuata jitihada za taifa: vikundi vya ngoma, mashindano, na baadaye Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo mwaka 1981. Jitihada hizo zimeziokoa ngoma nyingi zisisahauliwe. Lakini jukwaa lina upande mmoja wa mbele, na ngoma ya mazishi haikuwa na mbele. Ilikuwa na kaburi katikati na watu pande zote. Ngoma ya safu hupanda jukwaani bila taabu, kwa kuwa tangu mwanzo ilitengenezwa itazamwe. Ile ya mtu peke yake na mkuki wake hupanda kwa shida, nayo ikipanda hupangwa safu. Hivyo huenda watoto wetu wakaamini kwamba Wanyakyusa siku zote walicheza kwa mistari, na watakuwa wamefundishwa hivyo kwa nia njema kabisa.

Limebaki jambo la kazi yetu wenyewe tunaokusanya na kuandika. Desturi ya wakusanyaji wa nyimbo, tangu zamani, ni kuyaandika maneno kama mashairi, mstari chini ya mstari, kwa kufuata mahali mwimbaji alipovuta pumzi. Katika nyimbo za kuchezwa njia hii hupotosha. Mara nyingi mwimbaji huvuta pumzi katikati ya hatua, na mstari wa kweli ni ule wa mguu. Nashauri kwamba chini ya maneno pawekwe alama ndogo kila mguu unapogusa ardhi, na alama nyingine pale ambapo mwili umesimama na wimbo unaendelea. Si kazi ngumu. Yahitaji watu wawili, mmoja wa kusikiliza na mmoja wa kutazama, na huyo wa pili asiwe na kitabu mkononi mpaka ngoma imekwisha.

Katika malipenga kazi huwa nzito zaidi, kwa sababu sauti iingiayo kibuyuni hutoka bila konsonanti. Utando wa buibui huzila p na t na k, na irabu nazo hufifia. Kinachobaki ni urefu wa silabi, mkazo wake, na kupanda na kushuka kwa tuni. Mkusanyaji asiyekuwako maneno yalipoimbwa kwa kinywa kitupu atakaa mchana kutwa akisikia bendi nzima, na ukurasa wake utabaki mweupe. Hapo na aangalie viatu vyeupe kwa vumbi la uwanja. Silabi yenye mkazo iko chini ya kisigino, na kwa lugha ambazo mkazo wake haubadiliki mahali, hiyo peke yake yamwambia neno linaishia wapi.